Mwongozo kamili: kufanya maamuzi magumu mama akiwa na kansa ya kizazi, kuanzia siku ya majibu mpaka siku za mwisho

Kansa ya mlango wa kizazi peke yake inaua wanawake zaidi ya 3,000 kila mwaka hapa Kenya, na wengi wao wanafika hospitali kubwa wakiwa wamechelewa, damu imetoka miezi na miezi ikaitwa hedhi imeharibika, mgongo unauma, mguu mmoja umeanza kufura. Kwa hivyo familia nyingi za huku kwetu, Nakuru, Kisumu, Kakamega, Busia, Siaya, zinajikuta zinaamua mambo mazito mbio mbio zikiwa zimesimama koridoni, daktari ana wagonjwa wengine 40 nje, na mtu anaambiwa sasa mnasemaje, tuweke paipu ya kutoa mkojo ama tusiweke. Nimemuuguza mama mdogo wangu na ugonjwa huu na tangu hapo nimekaa na familia zingine nyingi kwa hizo benchi, na kitu kimoja ninachokiona karibu kila mahali ni kwamba tunaongea juu ya mgonjwa bila mgonjwa. Mjomba anajua, mchungaji anajua, grupu ya WhatsApp ya mchango inajua, mwenyewe amelala pale anaambiwa ni vidonda kidogo vitapona. Kwa hivyo mwongozo huu wote umejengwa juu ya hilo, maamuzi yafanywe mapema na mwenyewe awe ndani ya chumba.

Kwanza mjue ni kansa gani, manake "kansa ya kizazi" watu wanaita zote

Iko ya mlango wa kizazi, ndo inayoonekana sana huku, na mwanamke anayeishi na virusi vya ukimwi ana hatari ya kuipata kama mara sita kuliko ambaye hana. Iko ya kizazi chenyewe, dalili yake kubwa ni damu kutoka kwa mama ambaye hedhi ilishaisha zamani. Iko ya ovari, hiyo inajificha, tumbo linajaa maji mtu anafikiri amenona. Iko ya sehemu za nje. Alafu kuna moja inaitwa koriokasinoma, inakuja baada ya mimba, iwe mimba iliharibika, iwe ile mimba ya zabibu, ambayo badala ya mtoto kukua vizuri kunaota vifuko kama zabibu, au hata baada ya kuzaa vizuri. Hii ya mwisho naitaja kwa sababu maalum. Inakimbilia mapafu haraka, mtu anakohoa damu, familia inaambiwa imesambaa na inakata tamaa, kumbe ni kati ya kansa zinazosikia kemo, zile dawa za kuua kansa, vizuri sana hata ikiwa imefika mapafuni, na wengi wanapona kabisa na hata kuzaa tena. Sasa fikiria mtu apelekwe nyumbani kufa na hiyo.

Kwa hivyo kabla ya uamuzi wowote itisha karatasi tatu: majibu ya baiopsi, kile kinyama kilichokatwa kikapimwa, ripoti ya skani, na steji, yaani ugonjwa umefika wapi, iliyoandikwa na daktari. Usikubali steji ya mdomo tu. Piga picha na simu uhifadhi, manake faili zinapotea, na ukienda kutafuta daktari wa pili bila hizo karatasi utaanza kulipia vipimo upya.

Na neno kuhusu steji ya tatu. Kwa mlango wa kizazi, steji ya tatu bado madaktari wanalenga kuponya, kwa mionzi pamoja na kemo. Nimesikia watu wakisema steji ya tatu ni kungojea tu. Hapana. Iliyosambaa mbali, mapafuni, ini, mifupa, ndo steji ya nne ya mwisho na hapo mazungumzo yanabadilika.

Swali la kuuliza kila mara dawa mpya ikitajwa

"Daktari, haya matibabu yanalenga kuponya, kurefusha maisha, ama kupunguza mateso?"

Liandike. Majibu ni matatu tu na kila moja lina uzito wake. Kama ni kuponya, basi mnavumilia kutapika, mnakopa, mnalala kwa watu Eldoret wiki sita, kwa sababu kule mbele kuna maisha. Kama ni kurefusha, mnauliza kurefusha kwa kiasi gani, miezi au wiki, na hiyo miezi ataishi namna gani, atakuwa anatembea au atakuwa wadi. Kama ni kupunguza mateso, dawa inayomwongezea mateso haina kazi tena hapo.

Madaktari wetu ni watu wazuri lakini wanaogopa kuvunja mtu moyo, utasikia "tutajaribu" au "tuone venye itaenda". Hapo usiondoke. Uliza tena kwa upole, "Daktari, angekuwa mama yako ungemfanyia hivi?" na ongeza, tutajuaje kama haifanyi kazi, na tutajua baada ya dozi ya ngapi? Hilo la mwisho ni la maana sana kwa sababu bila siku ya kupima mtu anaendelea na kemo mpaka anafia kwa kiti cha kemo.

Nenda na mtu wa pili wa kuandika. Ukisikia neno kansa masikio yanaziba, utasikia nusu.

Nani anaamua

Mgonjwa, ilmradi akili yake iko sawa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema wazi kwamba mgonjwa lazima aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama, kwa lugha anayoelewa, na ana haki ya kukataa. Kwa hivyo kama mama anaelewa Kijaluo, Kiluhya au Kikalenjin tu, muombe sista anayejua lugha yake atafsiri, isiwe mtoto wake wa miaka 14.

Sheria hiyo hiyo inaruhusu mgonjwa kuandika ni nani atakayekubali au kukataa matibabu kwa niaba yake akishindwa kuongea. Watu wengi hawajui hii. Si lazima wakili. Karatasi moja, jina lake na namba ya kitambulisho, "nikishindwa kujisemea, binti yangu fulani ndiye ataongea na madaktari kwa niaba yangu", tarehe, sahihi au kidole, na mashahidi wawili. Nakala moja iingie kwa faili, ingine ikae nyumbani. Hiyo karatasi inazuia vita. Nimeona shemeji wa Nairobi anafika siku ya mwisho, hajawahi kumuosha mgonjwa hata siku moja, na ndiye anapiga kelele zaidi kwamba apelekwe ICU.

Sasa, kumwambia ukweli. Najua ugumu wake. Watu wanasema ukimwambia atakufa kwa mawazo. Lakini mgonjwa huwa anajua mwili wake, anaona mnavyonong'ona, na akifichwa anabaki peke yake na hofu yake. Muanzie na swali, "Mama, wewe unaonaje huu ugonjwa, na ungetaka kuambiwa kiasi gani?" Wengine watasema niambie yote. Wengine watasema ongea na kaka yangu, mimi niombeeni tu, na hiyo pia ni chaguo lake na iheshimiwe. Muhimu aulizwe.

Kwa msichana mdogo ambaye hajazaa au angetaka kuzaa tena, kuna jambo lazima lisemwe kabla mionzi haijaanza: mionzi ya nyonga inamaliza hedhi na uwezo wa kubeba mimba. Kama ugonjwa uko mwanzo kabisa kunaweza kuwa na upasuaji mdogo unaobakisha kizazi, na saa zingine ovari zinaweza kusogezwa juu mbali na mionzi. Uliza mapema, na umuulize akiwa peke yake, bila mama mkwe kwa chumba.

Kabla ya kuuza shamba

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona familia zikibaki bila mgonjwa na bila shamba.

Tiba kamili ya mlango wa kizazi ikiwa haijasambaa mbali ni mionzi ya nje kama siku 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano hivi, na kemo mara moja kwa wiki, alafu mionzi ya ndani ambayo kifaa kinawekwa kule kule kwa mlango. Yote inafaa iishe ndani ya wiki nane. Mkikatiza mkaenda nyumbani kutafuta pesa wiki tatu alafu mrudi, nguvu ya dawa inapungua sana. Kwa hivyo heri mchelewe kidogo kuanza lakini mkianza mmalize. Na uliza hiyo mionzi ya ndani inapatikana wapi kabla ya kuanza ya nje, manake bila hiyo ya ndani tiba ni nusu.

Mashine ziko karibu siku hizi kuliko zamani, wakati kila mtu alikuwa anatumwa Kenyatta na kungojea miezi. Nakuru kwenye hospitali ya kaunti, ile wazee bado wanaita PGH, kuna kituo cha kansa chenye mionzi. Eldoret iko MTRH, hospitali ya rufaa ya Moi. Kisumu, Jaramogi, ambayo watu wanaita Russia, wana kliniki ya kansa na kemo. Panga malazi kabla, kwa sababu gharama inayomaliza watu mara nyingi ni nauli na chumba, si dawa.

SHA, bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 ilianza na shilingi 400,000 za kansa kwa familia kwa mwaka na zingine 150,000 kutoka ule mfuko wa magonjwa sugu. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hivyo pita dawati la SHA hospitalini uulize kimebaki kiasi gani kwa kadi yake kabla ya kila hatua, na kibali kiombwe mapema, kisikuwe kinatafutwa asubuhi ya kemo.

Mkiambiwa mambo ya India, ulizeni kwanza kama faili imejadiliwa na madaktari wa kansa wakiwa pamoja, wa upasuaji, wa mionzi na wa kemo kwa meza moja. Hospitali kubwa za rufaa zinafanya hivyo na unaweza kuomba ifanyike. Kama hao wote wamesema hakuna kuponya tena, mwite mama mwenyewe umuulize kuhusu shamba. Wengi nimewasikia wakisema shamba libaki kwa watoto. Hilo ni neno lake, lisikike.

Na miti shamba. Simkatazi mtu imani yake, lakini mwambie daktari kila kitu anachokunywa, kwa sababu dawa zingine za kienyeji zinachosha figo na ini wakati kemo nayo inachosha hapo hapo. Zile za kuingiza ukeni zinachoma na kuleta damu zaidi. Hizo wacheni kabisa.

Maamuzi yenyewe, na hapa ndo pagumu

*Figo kuziba.* Kansa ya mlango wa kizazi inakua kando kando inabana mirija inayoteremsha mkojo. Mkojo unarudi nyuma, figo zinafura, siku moja mgonjwa anaacha kukojoa, anatapika, anasinzia, anapimwa damu wanasema figo zimefeli. Hapo mnaulizwa: tumuwekee paipu mgongoni itoe mkojo kutoka kwa figo mpaka kwa mfuko? Tumpeleke dayalisisi, kwa mashine ya kusafisha damu?

Jibu linategemea kitu kimoja, yuko wapi kwa safari ya matibabu. Kama ndo amegunduliwa na hajatibiwa kitu, paipu ni ya maana sana, inafungua figo ili aweze kupata mionzi na kemo, na wengine hapo wanapona. Mpiganie. Lakini kama ameshamaliza mionzi, kansa imerudi, kemo imeshindwa, basi paipu ile ile inafanya kazi nyingine kabisa: inamwamsha mtu kutoka kwa usingizi arudi kwa maumivu, damu na harufu, apate wiki au miezi kadhaa, huku paipu ikibadilishwa kila baada ya miezi kama mitatu na ikiziba au ikipata maambukizi katikati. Kuna atakayetaka hizo wiki. Mama anayengoja mtoto amalize mtihani wa kidato cha nne, au anataka kuona mjukuu akizaliwa, hiyo ni sababu tosha na asibishiwe. Mwingine atasema nimechoka, msinitoboe. Kifo cha figo, mgonjwa akipewa dawa za kuzuia kutapika, kuwashwa na kwikwi, huwa kwa wengi ni kusinzia zaidi na zaidi mpaka mwisho, na madaktari wengi wa tiba shufaa, yaani wa kupunguza mateso, watakuambia kati ya njia ambazo ugonjwa huu unaweza kuisha, hiyo ni kati ya zile tulivu. Familia inafaa kujua hivyo kabla ya kuamua. Mara nyingi hakuna anayewaambia.

Basi muulizeni akiwa bado ana akili timamu, kabla figo hazijafeli: "Siku ikifika mkojo ukakataa, ungetaka tufanye nini?" Akishaanza kuchanganyikiwa mmechelewa.

*Matumbo kufunga.* Hii ni ya ovari zaidi. Tumbo linafura, haendi choo wala hewa haitoki, anatapika vitu vya kijani na baadaye vinanuka kama choo. Kama pamefunga mahali pamoja na mgonjwa bado ana nguvu, upasuaji unaweza kusaidia, anaweza kuwekewa mfuko wa choo tumboni. Kama kansa imetapakaa kwa matumbo yote, kumpasua mara nyingi ni kumwongezea kidonda ambacho hakitapona. Ulizeni wazi: pamefunga sehemu moja au nyingi? Bila upasuaji kuna dawa za kupunguza kutapika, za kutuliza msokoto na za kupunguza maji ya tumbo, zinapita kwa sindano ndogo chini ya ngozi, na anaweza kuonja chai au kumumunya barafu ama chungwa bila kulazimishwa kula.

*Maji tumboni.* Kutoa maji kunampa nafuu ya kupumua siku hiyo hiyo, yatarudi, mtatoa tena. Huu si uamuzi mgumu, hata mtu wa siku za mwisho atolewe kama yanamkaba.

*Kemo ya mara ya pili, ya tatu.* Kansa ya ovari ikirudi baada ya mwaka au zaidi, kemo ile ile ya kwanza mara nyingi inafanya kazi tena. Ikirudi kabla ya miezi sita kuisha, dawa nyingi zitashindwa, wachache tu ndo wananufaika, na hapo inafaa muulize kwa nguvu lile swali la mwanzo. Mtazameni pia mwili: kama analala au kukaa zaidi ya nusu ya siku na anahitaji kusaidiwa kuoga, kemo ina uwezekano mkubwa wa kumwangusha kuliko kumsaidia.

*Damu.* Kuna mionzi ya siku moja ya kusimamisha damu au kupunguza maumivu hata kwa mgonjwa ambaye haponi tena. Ulizeni kwa jina hilo hilo, "mionzi ya siku moja", kwa sababu watu wanafikiri mionzi lazima iwe wiki tano na wanakata tamaa. Kuna pia vidonge vya kugandisha damu, na kuongezewa damu. Lakini utafika wakati anaongezewa leo na kesho kutwa imetoka yote, na hapo ni sawa kusema imetosha.

*Mkojo au choo kupita njia isiyo yake.* Kansa ikitoboa kibofu au utumbo, wagonjwa wanajificha, wanaacha kwenda kanisani, bwana anahamia chumba kingine. Upasuaji wa kushona tundu la kansa kwa kawaida haushiki. Ila mfuko wa choo tumboni unaweza kumrudishia heshima yake hata kama amebakisha miezi michache. Kwa harufu mwambie sista wa hospisi, kituo cha kutuliza mateso ya wagonjwa kama hawa, akuonyeshe kutumia metronidazo, ile Flagyl, vidonge vinasagwa unga unawekwa pale palipo na kidonda, na inapunguza harufu ndani ya siku chache. Mafuta ya mgando kwa ngozi, leso za kubadilisha, madirisha wazi. Hii inapitwa haraka kwa wadi lakini kwa mgonjwa mwenyewe saa zingine ndo kubwa kuliko maumivu.

Maumivu: morfini si dawa ya kufa

Nitakaa hapa kidogo. Watu wanaogopa morfini, wanaificha kabatini, wanampa mgonjwa Panadol huku analia usiku kucha hadi majirani wanasikia. Morfini ya maji ni dawa ya kunywa, ya bei nafuu, na imekuwa ikitumika kwa kansa miaka mingi. Inatolewa kila baada ya masaa manne kwa kufuata saa, hata kama hajaanza kulia, na daktari anaweza kusema ile dozi ya morfini ya wakati wa kulala iwe maradufu ili asiamke saa nane usiku. Hizo siku za kwanza atasinzia na anaweza kutapika kidogo, hiyo inapita. Kufunga choo hakupiti, kwa hivyo dawa ya kulainisha choo lazima iandikwe pamoja nayo siku hiyo hiyo. Anayeitumia kwa maumivu, chini ya daktari, hageuki kuwa mlevi wake, na dozi ikipandishwa vizuri kulingana na maumivu haiharakishi kifo.

Chupa zina nguvu tofauti, soma lebo kila ukipewa mpya. Na figo zikianza kufeli morfini inakaa mwilini zaidi, ukiona anaruka ruka misuli au anasinzia kupita kiasi pigia hospisi simu wapunguze dozi au wabadilishe dawa, usiamue mwenyewe kuikatisha yote.

Hospisi ziko karibu: Kisumu Hospice, Nakuru Hospice, Eldoret Hospice, na kule Kipkaren kuna Kimbilio ambayo inalaza wagonjwa. Hospitali nyingi za kaunti pia zina sista wa tiba shufaa. Chama chao cha kitaifa kinaitwa KEHPCA na kinaweza kukuelekeza iliyo karibu na wewe. Kosa linalorudiwa sana ni kungoja mpaka wiki ya mwisho. Omba rufaa siku ile ile mnapoambiwa imesambaa, au hata kabla, akiwa bado kwa kemo, zote mbili zinaenda pamoja.

Kuacha matibabu

Kuacha kemo au kukataa paipu si kuua mtu. Kenya kumsaidia mtu kujiua au kumdunga sindano ya kifo ni kosa la jinai na hakuna anayeongea hilo hapa. Hii ni kuacha ugonjwa uende njia yake na nyinyi mkishughulikia maumivu. Kwa wanaoomba, na karibu sisi wote tunaomba, sijaona mahali kuomba na morfini vinagombana. Ila mchungaji akimwambia atupe dawa aonyeshe imani, mtu mzima wa familia amwite kando waongee.

Mkishaamua, mwambieni daktari aandike kwa faili: asiwekwe kwa mashine ya kupumua, moyo ukisimama asipigwe kifua. Isipoandikwa, daktari wa zamu ya usiku hamjui na atafanya vile amefunzwa.

Nyumbani au hospitali

Muulize anataka kufia wapi, kwa maneno hayo au kwa maneno mapole zaidi, "ungetaka kuwa wapi nguvu zikiisha?" Wengi watasema nyumbani. Kama nyumbani ni Ugunja au Malava na nyinyi mko Eldoret, mpelekeni akiwa bado anaweza kukaa kwa gari, kwa sababu mkichelewa mtasafirisha mwili, na gharama ni kubwa zaidi na yeye hatakuwa ameona boma lake. Lakini nyumbani bila dawa ni mateso. Msitoke hospitali bila morfini ya kutosha, dawa ya kulainisha choo, ya kuzuia kutapika, namba ya simu ya sista, na mpira wa mkojo kama anauhitaji. Kama ni wa ARV aendelee kuzimeza mpaka pale atakaposhindwa kumeza.

Kama kansa iko karibu na mshipa mkubwa na ameshatoka damu nyingi mara moja, wekeni karibu taulo au blanketi za rangi nyeusi au nyekundu iliyoiva. Damu ikija kwa wingi, nyeusi inaficha, watoto hawaogopi, naye haogopi. Mtu mmoja akae naye amshike mkono, mwingine apige simu. Hospisi wanaweza kuwaachia dawa ya kumtuliza kwa saa kama hiyo, iombeni mapema.

Siku za mwisho zenyewe zinafanana. Anaacha kula. Hapo wamama wanalazimisha uji na kijiko na uji unaingia mapafuni. Mwili unaokufa hausikii njaa kama wetu, lowesha midomo na pamba, paka mafuta, basi. Dripu hapo inamfurisha miguu na kumjaza maji kifuani. Analala zaidi, anaongea na watu waliokwisha kufa, mikono inakuwa baridi, pumzi inakatika na kurudi, koo linakoroma. Huko kukoroma kunatisha nyinyi kuliko yeye, mlaze kwa ubavu. Ongeeni naye hata kama hajibu, na mambo ya mazishi yaongelewe nje ya hicho chumba.

Karatasi, watoto na udongo

Wosia ulioandikwa unahitaji sahihi yake na mashahidi wawili ambao si warithi. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili nao unakubalika kisheria, lakini ni halali tu kama akifa ndani ya miezi mitatu baada ya kuusema, kwa hivyo kama ameusema mdomoni Januari na bado yuko Mei, uandikwe. Aseme watoto wabaki na nani. Aseme kuhusu akaunti, chama, simu yake, deni anazodai na anazodaiwa. Na azikwe wapi, hasa kama mahari haikuisha au bwana aliondoka, manake huku kwetu mwili unaweza kukaa mochari wiki nyingi watu wakigombana. Wazee wa pande zote mbili waitwe akiwa hai, wasikie kutoka kwake.

Mabinti na dada zake waambiwe. Kama ni ya mlango wa kizazi, haitoki kwa damu ya ukoo, inaletwa na kirusi cha HPV, kwa hivyo dada wapimwe na wasichana wa miaka 10 mpaka 14 wapewe chanjo ambayo serikali inatoa tangu 2019. Kama ni ya ovari, inaweza kuwa ya ukoo, hasa kama kuna mwingine alikuwa na ya matiti, waende wamwambie daktari hivyo.

Akifa nyumbani hakuna haja ya kukimbiza mwili casualty. Mwite naibu wa chifu wa eneo, yeye ndiye anaandikisha kifo cha nyumbani na kutoa kibali cha mazishi, mpe kitambulisho cha mama na ile barua ya hospitali inayoonyesha alikuwa na kansa ili kusiwe na maswali ya polisi. Kama mwili unaenda mochari, beba nakala ya hizo karatasi zote. Alafu pigia hospisi uwaambie, chupa ya morfini iliyobaki irudishwe kwao isiachwe nyumbani na watoto, na waulize lini watapita tena, kwa sababu hospisi nyingi zinarudi kuona waliobaki na kuna siku za baada ya mazishi, wageni wakishaenda, ambapo huyo binti aliyekuwa anamgeuza mama yake kila usiku atahitaji mtu wa kuongea naye.